Mzee Wetu Ataishi Wapi? Somo kwa Familia za Mpakani



Alfajiri moja ya msimu wa mvua, waendesha boda boda wawili walimleta mzee katika kituo kimoja cha mpakani. Walikuwa wamemkuta kwenye njia ya panya, miguu mitupu, suruali imelowa hadi magotini, na mkononi ameshika kamba ya ng'ombe isiyo na ng'ombe. Tulimwuliza kitambulisho, hakuwa nacho. Tulimwuliza anatoka nchi gani. Akajibu kwamba anawahi kurudisha mifugo kabla baba yake hajaamka. Tukamwuliza kitambulisho mara ya pili, kisha mara ya tatu. Ilipita karibu saa nzima kabla ya askari mmoja mwanamke kumwuliza swali lililopaswa kuwa la kwanza: "Babu, umekula?" Hakuwa amekula tangu juzi.

Ilipotimu saa nne asubuhi, binti yake alifika kutoka upande wa pili, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa amemtafuta siku mbili. Kumbe mzee yule alizaliwa upande huu, akaoa na kulima upande ule, na usiku ule miguu yake ilikuwa ikimrudisha kwenye boma la utoto wake, ambalo leo ni safu ya maduka. Binti alimfunika baba yake kanga, akakaa kimya kidogo, kisha akatuuliza: "Afande, nina watoto wanne na meza ya nyanya sokoni. Baba halali usiku. Wapo wanaoniambia nimpeleke kwenye makao ya wazee. Nikimpeleka, nitakuwa nimemtupa?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumesikia swali hilo kwa watu wengi, wengine wakiliuliza kwa aibu, wengine kwa hasira, wengine kwa kunong'ona ili majirani wasisikie. Ndiyo sababu tumelifanya kuwa somo la toleo hili. Tunawaomba mlisome pamoja nyumbani, na mzee mwenyewe akiwepo ikiwezekana, kwa maana neno linalomhusu si vema likaamuliwa pembeni yake.

Sehemu ya kwanza: Mzee ana haki, si hisani tu

Katika nchi zetu, mtu aliyefikisha miaka 60 huhesabiwa kuwa mzee. Heshima yake tumeirithi kutoka kwa waliotutangulia. Ndiyo maana tukasema penye wazee haliharibiki neno. Lakini heshima ya maneno haitoshi, na sheria zimekuja kuipa nguvu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya taifa, inaitaka dola iweke utaratibu unaofaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2009, na sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ikapitishwa mwaka 2013. Tangu mwaka 2021 wazee wana wabunge wao watano. Mpango wa ruzuku unaojulikana kwa jina la SAGE umekuwa ukiwapa wazee walioandikishwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulipoenezwa nchi nzima, uliwalenga waliofikisha miaka 80 na zaidi.

Kwa jirani zetu hali inafanana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kutoka kwa dola. Tuzingatie mpangilio huo: familia na dola, zote mbili. Mwaka 2018 Kenya iliwafungulia wenye miaka 70 na zaidi malipo ya Inua Jamii, shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la.

Juu ya hayo yote kuna Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024. Kuhusu makao ya wazee, itifaki hiyo inazitaka nchi zilizoiridhia zihakikishe mambo mawili: kwamba kuishi katika makao ni hiari na gharama yake inahimilika, na kwamba matunzo yanayotolewa humo yanafikia viwango vilivyowekwa na taifa. Neno "hiari" ndilo msingi wa somo letu. Makao ya wazee si mahali pa kupelekwa kama mzigo. Ni mahali ambapo mtu anaweza kuchagua kuishi.

Sehemu ya pili: Makao ya wazee ni mahali gani?

Wengi wetu tukisikia neno hili huwaza jambo la Ulaya: majengo marefu, na watoto wanaokuja mara moja kwa mwaka. Ukweli ni kwamba makao ya wazee yako hapa kwetu tangu zamani, nayo yalizaliwa na shida zetu wenyewe.

Huko Nalukolongo, jijini Kampala, yako Makao ya Mapeera Bakateyamba. Yalianzishwa mwaka 1978 na Kardinali Emmanuel Nsubuga, na wanaoyahudumia ni masista wa Msamaria Mwema, shirika ambalo yeye mwenyewe alilianzisha. Ulikuwa wakati mgumu wa nchi, na wazee, walemavu na maskini wasio na mtu walikuwa wakiokotwa mitaani. Novemba 2015 Papa Francis alipozuru Uganda, aliyatembelea makao hayo.

Nchini Tanzania, serikali inaendesha makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali: Nunge huko Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, na mengineyo. Baadhi yake yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Ugonjwa ulipopatiwa dawa, wagonjwa walipona, lakini hawakuwa na pa kurudi. Jamaa walikuwa wamekwisha kuwasahau. Wengine walifika wakikimbia tuhuma za uchawi vijijini mwao. Hapo tunajifunza kwamba nyumba hizo zilijengwa na aliyefukuza kwa kiasi kile kile zilivyojengwa na aliyepokea.

Nchini Rwanda kuna nyumba ziitwazo Impinganzima, zikiwemo za Huye, Bugesera na Rusizi. Wanaoishi humo ni wazee waliopoteza watoto wao wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wanyarwanda huwaita Intwaza, jina la kuwasifu kwa ushupavu wao. Wazee hawa hawakuachwa na mtu. Walinyang'anywa watu wao. Wanapoishi pamoja, mmoja anajua kwa nini mwenzake amenyamaza bila kuuliza. Anayedhani kwamba kila mzee aliye makaoni ana watoto wasio na shukrani, na awakumbuke wazee wa Impinganzima kabla hajatamka neno.

Maisha ya ndani ya makao yakoje? Yakiwa mema, yanafanana na maisha ya kijiji kidogo. Kuna saa ya uji na saa ya dawa. Kuna wanaosuka mikeka, wanaopalilia bustani ya mboga, wanaobishana juu ya bao. Kuna mzee asiyeona anayesindikizwa na mzee asiyesikia, kila mmoja akimkopesha mwenzake kiungo alichonacho. Kuna sala na nyimbo, kuna ugomvi wa kiti cha kivulini, na kuna msiba wa mara kwa mara, ambao huwaumiza wote kwa sababu kila mmoja huhesabu zamu yake. Jambo ambalo nyumba nyingi za familia haziwezi kumpa mzee ni wenzake wa rika lake. Jambo ambalo makao hayawezi kumpa ni mjukuu wa kumtuma maji. Familia yenye busara hutafuta namna ya kumpatia yote mawili.

Sehemu ya tatu: Hatari ziko pande zote mbili

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu mzee mmoja kati ya sita wanaoishi katika jamii hutendewa aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka mmoja. Limeeleza pia kwamba katika nyumba za kutunzia wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu walioulizwa walikiri kuwa waliwahi kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Tumeziweka takwimu hizi mbili pamoja kwa makusudi. Ya kwanza inatuzuia kusema kwamba nyumbani ni salama daima; ya pili inatuzuia kumfikisha mzee langoni na kuondoka kana kwamba kazi imekwisha.

Nyumbani, dhuluma mara nyingi haiji na fimbo. Huja kwa upole. Mjukuu huenda kumpokelea bibi ruzuku yake, na bibi haoni hata sarafu. Mwana humletea baba karatasi ya "msaada wa serikali" aweke dole gumba, kumbe ni hati ya kuuza shamba. Mkwe humnyima chakula cha jioni ili "asichafue kitanda". Majirani husikia na kunyamaza, wakisema ni mambo ya familia.

Tunasema wazi: si mambo ya familia peke yake. Nchini Uganda, Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inamlinda mzee kama inavyomlinda mke na mtoto, nayo inautambua unyanyasaji wa kiuchumi, yaani kumnyima mtu mali au riziki iliyo haki yake. Malalamiko yanaweza kupelekwa katika baraza la mahakama la kijiji, polisi, au kwa hakimu. Kuhusu dole gumba, ipo sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika: anayemwandikia mtu wa namna hiyo waraka anatakiwa amsomee na kumfafanulia yaliyomo kabla hajaweka alama yake, na aandike jina lake na anwani yake mwenyewe kwenye waraka huo. Kuhusu ardhi ya familia, sheria ya ardhi haimruhusu mtu kuiuza bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Basi mzee akiletewa karatasi, ajibu hivi bila kuona haya: "Isomwe kwa sauti, mbele ya watu, na aliyeiandika ajiandike."

Makaoni nako, familia isikubali kufumba macho. Kabla ya kumpeleka mzee, tunashauri waende watu wawili wa familia, bila kutoa taarifa mapema ikiwezekana, na wajiulize maswali haya:

Je, makao yanatambuliwa na serikali ya wilaya, na afisa wa maendeleo ya jamii anayafahamu?

Je, wazee waliopo wanazungumza na wageni kwa uhuru, au wanamtazama mhudumu kwanza kabla ya kujibu?

Je, usiku kuna mhudumu aliye macho? Mzee asiyelala hahitaji mlinzi wa lango tu. Anahitaji mtu wa kumrudisha kitandani kwa upole.

Je, dawa zinatolewa na mtu mwenye ujuzi, na mgonjwa anapelekwa kituo gani cha afya?

Je, ruzuku ya mzee itapokelewa na nani, na itaandikwa wapi?

Je, familia inaruhusiwa kuja siku yoyote? Mahali panapowakataza watoto kumwona baba yao pana jambo la kuficha.

Na swali la mwisho aulizwe mzee mwenyewe, si mara moja bali mara kadhaa: "Je, wewe unapendaje?" Hata aliyepungukiwa kumbukumbu anajua mahali anapoogopa.

Sehemu ya nne: Mzee anayepotea

Turudi kwa mzee wetu wa kamba ya ng'ombe. Alikuwa na maradhi ambayo madaktari huyaita demensia. Duniani watu zaidi ya milioni 55 wanayo, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Si laana, si pepo, wala si matokeo ya kula njama na wachawi. Ni maradhi ya ubongo. Kumbukumbu za karibuni hufutika kwanza, za zamani hudumu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kusahau chakula cha mchana akakumbuka kila kona ya njia aliyochunga akiwa mtoto. Wengi wao huchafukwa na moyo jua linapotua. Husimama, hutafuta mlango, na husema wanataka kwenda nyumbani hali wamo nyumbani.

Kwa sisi wa mpakani, maradhi haya yana hatari ya pekee. Familia zetu ziko pande zote mbili. Wasamia wako Busia hii na Busia ile. Wakonjo wa Mpondwe wana ndugu zao ng'ambo ya mto, nchini Kongo. Huko Mutukula shangazi yuko Tanzania na mpwa yuko Uganda. Mpaka ulichorwa juu ya watu waliokwisha kujuana. Mzee anayerudi utotoni hauoni mpaka, kwa sababu katika utoto wake ulikuwa mstari wa mbali tu. Lakini wanaomkuta usiku wanauona. Mtu mzima anayetembea gizani, asiyejibu akiulizwa, aliyevaa nguo nusu, anaweza kudhaniwa mwizi, mpelelezi au mchawi. Kundi likikusanyika na mawe, maelezo huja baada ya mauti. Hilo ndilo linalotufanya tuandike kwa uzito: mzee yule aliwaangukia vijana wa boda boda wenye utu. Angeweza kuwaangukia wengine.

Basi familia yenye mzee wa namna hii na ifanye yafuatayo.

Mshoneeni kitambaa kidogo ndani ya koti au gauni, chenye jina la jamaa na namba ya simu. Msiandike mali zake wala habari nyingine.

Wekeni picha yake ya karibuni, si ile ya harusi ya miaka 50 iliyopita.

Waelezeni mwenyekiti wa LC1, waendesha boda boda wa kituo cha karibu, wenye maduka na akina mama wanaovuka na bidhaa kila siku. Wao huona mengi kabla yetu. Kumficha mgonjwa kwa sababu ya aibu ni kumwondolea walinzi wake.

Akitoweka, msisubiri saa 24. Toeni taarifa saa ile ile, na semeni alizaliwa wapi, alisoma wapi, alichunga wapi, alioa wapi. Mara nyingi huko ndiko anakoelekea. Kama mahali hapo pako ng'ambo, tuambieni, nasi tutawasiliana na wenzetu wa upande wa pili.

Nawe unayemkuta mzee amepotea, usimzingire na usipige kelele. Msogelee kwa mbele akuone, msalimie kwa heshima unayompa babu yako, mpe maji, mkalishe. Usibishane naye kuhusu ng'ombe wake. Mwambie, "Tukae kidogo, tutakwenda pamoja," kisha mwite kiongozi wa kijiji au polisi.

Nasi askari tumejipatia somo letu. Kitambulisho kina wakati wake. Kwa mzee aliyelowa alfajiri, swali la kwanza ni chakula, la pili ni jina la mtu wake, na kitambulisho hufuata.

Sehemu ya tano: Kikao cha familia

Sasa tumjibu binti yule. Wiki moja baada ya tukio, familia yake ilikutana chini ya mwembe, na kwa ombi lao askari mmoja wa ushirikiano na jamii alihudhuria pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Walikuwepo kaka zake wawili waliotoka mjini. Kaka mkubwa alisema kwamba yeye hutuma pesa kila mwezi na kwa hiyo ametimiza wajibu wake. Dada yake hakugombana. Alimwuliza tu: "Kaka, pesa yako inaamka saa ngapi baba anapofungua mlango usiku?" Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kaka aliinamisha kichwa, na hapo kikao cha kweli kikaanza.

Waliandika katika daftari nani atakesha siku ipi, nani atalipa kijana wa kusaidia, nani atapokea ruzuku ya mzee akifikisha umri na kuitolea hesabu mbele ya wote, na nani atampeleka kliniki. Waliafikiana kwamba shamba halitauzwa mzee akiwa hai. Mzee alikaa nyumbani kwa mpango huo mwaka mmoja na zaidi. Kaka mdogo alihamia kijijini wakati wa mavuno. Kaka mkubwa, aliyeshindwa kuja zamu zake, alikubali kulipa mara mbili, na jambo hilo pia liliandikwa.

Kisha mzee akadhoofika, akawa wa kugeuzwa kitandani usiku na mchana, na dada yule akaanza kuugua mgongo. Familia ilikaa tena. Safari hii walikwenda kuyatazama makao ya wazee, watu wawili, bila kutoa taarifa. Waliuliza maswali yao, wakarudi mara ya pili na mzee mwenyewe. Alikaa kwenye benchi na mzee mwingine wa kabila lake, wakazungumza habari za ng'ombe kwa saa mbili, ng'ombe ambao wote wawili hawakuwa nao tena. Walipotaka kuondoka, alisema amechoka, atalala hapo.

Tunakutana na binti yule kivukoni kila Jumamosi, chupa ya uji mkononi, mtoto mmojawapo nyuma yake. Siku moja tulimkumbusha swali lake la zamani. Alicheka kidogo, akasema: "Afande, ningemtupa kama ningeacha kuja. Mimi nimemwongezea mikono tu."

Hatusemi kwamba kila familia ifanye kama wao. Nyingine zitamtunza mzee nyumbani hadi mwisho, nazo zitakuwa zimefanya vema. Nyingine hazina makao ya karibu wala nauli ya kuyafikia, na kwao msaada wa majirani ndiyo makao yenyewe. Tunachosema ni hiki: mahali si kipimo cha mapenzi. Mzee anaweza kutupwa akiwa sebuleni, katikati ya watoto sita, na anaweza kutunzwa akiwa mbali kilomita 30. Kipimo ni kama anaulizwa, kama analishwa, kama mali yake iko salama, na kama yupo mtu anayejua leo ameamkaje.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikao vya kijiji

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaoishi peke yao au na wajukuu wadogo tu? Nani hupita kuwajulia hali, na siku zipi?

2. Katika familia yetu, nani hupokea ruzuku au pesa za mzee? Je, mzee mwenyewe anaweza kutuambia zilitumikaje?

3. Kama mzee wetu angetoka usiku wa leo, angeelekea wapi? Nani ng'ambo ya mpaka tungempigia simu kwanza?

4. Tumewahi kumwita mzee mchawi kwa sababu ya kusahau, kutembea usiku au kuzungumza peke yake? Tutafanya nini tukisikia mtu mwingine akimwita hivyo?

5. Je, tumemwuliza mzee wetu anataka kuishi wapi nguvu zikimwishia? Tukiwa hatujamwuliza, nani atamwuliza, na lini?

Mwenye jambo la kutueleza kuhusu mzee anayedhulumiwa, nyumbani au makaoni, afike kituo chochote cha polisi na aombe kuzungumza na askari wa ulinzi wa watoto na familia, au amwone mwenyekiti wa kijiji au afisa wa maendeleo ya jamii. Anaweza kuja bila uhakika. Kazi ya kuchunguza ni yetu. Asisubiri hadi iwe taarifa ya msiba.